Jani la Mpapai

Kila asubuhi kabla ya shule, Adèle, msichana wa miaka kumi na miwili, alimwagilia bustani ya kivuli iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, karibu na mto Tshopo, mjini Stanleyville. Bustani hiyo ilikuwa ya babu yake, Hilaire, ambaye Adèle alimwita Koko. Chini ya miti mirefu, mzee alikuza mimea ya msituni inayoishi miaka mingi. Aliupenda zaidi mmoja alioutoa Yanonge kwa mtumbwi: kiazi chake kilitoa jani moja tu, lililochanika na kutanda kama mwavuli juu ya shina lenye madoa.

Januari mwaka 1956, Koko alikwenda Isangi kwa majuma mawili. Siku tatu mfululizo Adèle alicheza, akasahau maji. Siku ya nne alikuta jani limenyauka na kuanguka.

Aliogopa. Alikata jani la mpapai, akalichomeka pale pale, na kila asubuhi akalibadilisha. Kisha, akidhani atakifufua kiazi, alikimwagia ndoo mbili kwa siku.

Rafiki yake Mwanahamisi alimcheka. "Adèle, papai yako iko inaota bila mizizi?"

Koko aliporudi, alitazama kutoka mlangoni, na macho yake yalikuwa yamefifia kwa uzee. "Bon, jani limesimama. Endelea kumwagilia. Siku litakapoanguka, uniambie upesi: kiazi kitakuwa kimelala, na maji yatakiozesha."

Adèle alielewa. Akinyamaza, hataadhibiwa, lakini kiazi kitakufa.

"Koko, lile ni jani la mpapai. La kweli lilianguka zamani. Nami nimemwaga maji kila siku."

Mzee alichukua jembe, akafukua. Upande mmoja wa kiazi ulikuwa umeoza. Aliukata, akapaka majivu penye kidonda, akakianika kiazi juu ya dari ya jikoni. Adèle alikatazwa kuingia bustanini.

Mwezi wa Machi, mvua ziliporudi, Koko alikipanda tena. Kilitoa ua jekundu lenye harufu ya nyama iliyooza. Mwanahamisi aliziba pua. "Koko, mulizika mbuzi hapa?"

Mzee alicheka, kisha akamrudishia Adèle ndoo.

"Jani lingeanguka hata kama usingesahau maji," alisema. "Huo ulikuwa wakati wake. Kilichotaka kukiua kiazi ni jani la mpapai lililoficha usingizi wake. Kosa likisemwa mapema, Adèle, hukatwa kwa kisu kidogo."