Chumvi ya Ng'ombe na Shingo ya Mong'ina

Katika boma la Nyamoita, karibu na Ogwedhi, kulikuwa na gunia moja la chumvi. Lilikaa pembeni mwa jikoni, mdomo wazi. Asubuhi Nyamoita alichota humo chumvi ya ng'ombe akaimwaga kwenye hori. Jioni mke wa mwanawe alichota humo humo, akatia kwenye mboga. Watu na ng'ombe walikula chumvi moja, na Nyamoita hakuona haya. Aliona fahari.

"Chumvi ya dukani ni unga tu," alizoea kusema. "Hii ndiyo iko na nguvu. Ng'ombe wangu wanaikula na wanazaa kila mwaka."

Alinunua gunia hilo siku ya soko la mifugo. Ilikuwa chumvi ya mawe mawe, rangi ya kijivu. Kabla ya kuitia chunguni, uiponde kwanza, uioshe mchanga, uianike. Kazi hiyo yote ilikuwa ya mke wa mwanawe.

Nyamoita alikuwa mjane, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Mbele ya shingo alikuwa na uvimbe wa kadiri ya yai la bata. Haukumuuma. Mama yake alikuwa nao, na dada zake wawili pia. Mtu akiutazama sana, Nyamoita alimwambia, "Usishangae. Hii ni shingo ya kwetu." Kisha alipanga shanga zake juu ya uvimbe ule, akaendelea na kazi.

Mwaka huo wa 1996 jambo moja tu lilimkosesha raha. Jambo hilo lilikuwa Mong'ina, mke wa mwanawe Nchagwa.

Mong'ina alikuwa ametoka upande wa Kisii. Alipoolewa, miaka mitano nyuma, aliwatangulia ndege kuamka. Alikamua, akachota maji, akalima, na bado akacheka. Sasa alikuwa mtu mwingine kabisa. Alilala mchana, kichwa juu ya magoti. Alivaa sweta jua la saa sita. Nywele zilikatika akichana, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Ukimtuma kitu, alifika mlangoni akasahau ametumwa nini. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na nyumba yao haikuwa na mtoto.

"Nilimpokea mke, nimebaki na mgeni," Nyamoita alimwambia mwanawe. "Wazee watakaa Jumapili. Arudi kwao apumzike, maana kupumzika ndiyo kazi anapenda."

Nchagwa alitazama chini. Alimpenda mke wake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amechoka kumwamsha.

Mong'ina alisikia yote kutoka jikoni. Hakulia. Hata kulia kulihitaji nguvu, na nguvu hakuwa nazo.

Siku ya Ijumaa Sista Metrine alikuja kuchukua maziwa yake. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mtu wa upande wa Busia, na alipanga chumba pale senta, penye maduka. Kwa kawaida aliletewa maziwa mlangoni. Juma hilo maziwa yalikuwa yamechelewa siku tatu, basi akayafuata mwenyewe.

"Mama Nchagwa, habari ya hapa?"

"Ni mzuri, sista, isipokuwa huyu." Nyamoita aliuelekeza mdomo wake jikoni. "Maziwa yako yanachelewa kwa sababu anakamua huku analala. Lakini usijali. Jumapili tunamaliza hiyo maneno."

Metrine aliinama akaingia jikoni. Mong'ina alikuwa ameketi karibu na moto, sweta imefungwa vifungo vyote.

"Mong'ina, unasikia baridi?"

"Kila siku, sista. Hata kwa jua."

"Na choo?"

"Ngumu. Naweza kaa siku nne."

"Fungua sweta kidogo nione shingo. Sasa meza mate."

Mong'ina alimeza. Mbele ya shingo kitu kilipanda na kushuka. Kilikuwa kidogo, kama limau changa, lakini kilionekana.

"Ilianza lini hii?"

"Sijui. Labda mwaka wa tatu tangu nije hapa." Kisha Mong'ina akasema polepole, "Sista, niko na mimba tena. Miezi mbili. Sijaambia mtu. Naogopa itaenda kama zile zingine."

Nyamoita alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Akaingia ndani.

"Hiyo shingo si ugonjwa," alisema. "Ni ya kwetu. Mama yangu alikuwa nayo. Mimi niko nayo. Ni ya kurithi."

Metrine alimtazama yeye, akamtazama Mong'ina, akamtazama yeye tena.

"Mama Nchagwa, wewe ndiye ulizaa Mong'ina?"

"Mimi? Si unajua amezaliwa Kisii."

"Alikuja hapa na shingo gani?"

Nyamoita aliikumbuka. Siku ya arusi wanawake wote waliisifu. Ilikuwa ndefu na nyembamba.

"Basi ikiwa ni ya kurithi," Metrine aliuliza, "yeye amerithi kwa nani?"

Chungu kilichemka. Macho ya Metrine yalizunguka polepole hadi yakatua kwenye gunia.

"Hii ni chumvi ya nini?"

"Ya ng'ombe," alijibu Mong'ina. "Na yetu."

Metrine alifungua mkoba wake. Humo alikuwa na kichupa kidogo cha dawa ya kupimia chumvi. Siku za soko alipita nacho madukani. Alimtuma Nchagwa, aliyekuwa nje zizini, alete pakiti ya chumvi kutoka dukani, akaweka kijiko cha chumvi hiyo kwenye sahani. Kando yake aliweka kijiko cha chumvi ya gunia. Akadondosha tone moja juu ya kila fungu.

Chumvi ya dukani ikageuka zambarau, kama wino. Ile ya gunia ikabaki kijivu vile vile.

"Rangi hii ni ya ayodini," alisema Metrine. "Ni madini ambayo mwili unahitaji, kidogo sana, lakini kila siku. Mvua imeyaosha kwa udongo wetu miaka mingi, kwa hivyo hata mboga na mahindi ya hapa hayana ya kutosha. Ndiyo sababu sheria inataka chumvi ya watu itiwe ayodini kiwandani. Hii yako haikupita huko."

"Na shingo inaingia wapi hapo?" aliuliza Nyamoita. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hapa mbele ya koo kuna tezi. Kazi yake ni kuchochea moto wa mwili. Kuni zake ni ayodini. Kuni zikipungua, tezi inajikaza, inajikaza, mpaka inavimba. Uvimbe huo unaitwa rovu. Wengine wanasema goita. Ikishindwa kabisa, moto unafifia. Mtu anasikia baridi, anachoka, anasahau, ngozi inakauka, nywele zinakatika. Mimba inaweza kutoka. Na mtoto akizaliwa bila ayodini ya kutosha, akili yake inaweza kuchelewa. Si uvivu, Mama Nchagwa. Mtu hawezi kuchochea moto bila kuni."

Nyamoita aliketi juu ya kigoda. Aliona miaka mitano ya kuosha chumvi, kuiponda na kuianika. Mikono ilikuwa ya Mong'ina, lakini amri ilikuwa yake.

"Sasa nimemrithisha mimi," alisema. "Kupitia chungu."

"Hatujui bado kwa hakika," alisema Metrine. "Si kila shingo iliyovimba ni ya chumvi, na si kila uchovu unatoka kwa tezi. Kuna kipimo cha damu. Aende hospitali Homa Bay, na aende upesi. Mimba haingoji."

Jumapili wazee walifika. Nyamoita mwenyewe aliwapokea langoni.

"Wazee wangu, nimewasumbua bure," aliwaambia. "Hatuwezi kuhukumu mtu kabla damu yake haijaongea. Kunyweni uji." Wazee walishangaa, lakini uji waliunywa.

Jumatatu Nyamoita na Mong'ina walikuwa Homa Bay. Daktari aliyewapokea alimpapasa Mong'ina shingo, akampima mapigo ya moyo, akasema yanaenda polepole mno. Damu yake ikatolewa. Kisha daktari akamgeukia Nyamoita.

"Na wewe, mama. Huo wa kwako una miaka mingapi?"

"Huu? Huu ni mzee kuliko mwanangu."

"Unameza vizuri? Unapumua vizuri ukilala? Sauti haijabadilika?"

"Vizuri tu."

"Hata hivyo tutaupima. Uvimbe wa zamani usipopimwa, hujui unaficha nini."

Nyamoita aliutoa mkono wake. Sindano alikuwa haipendi, lakini mbele ya mke wa mwanawe angewezaje kukataa? Damu zote mbili zilipelekwa maabara kubwa, na waliambiwa majibu yatakuja baada ya siku kumi.

Siku kumi hizo zilikuwa ndefu. Nyamoita alikamua mwenyewe asubuhi. Mong'ina alipojaribu kusimama, alimwambia, "Kaa. Ngoja damu." Moyoni alikuwa na hofu mbili. Aliogopa majibu yaseme Mong'ina hana ugonjwa, maana hapo wazee wangerudi. Tena aliogopa yaseme anao, maana hapo kosa lingekuwa lake.

Majibu yalikuja. Tezi ya Mong'ina ilikuwa inafanya kazi kidogo sana. Ya Nyamoita ilifanya kazi sawa, ila uvimbe ungechunguzwa kila mwaka, na mapema zaidi ukikua au ukimziba koo. Daktari alimwandikia Mong'ina vidonge. Kimoja kila asubuhi na maji, kabla ya kula kitu, na asiache bila kuambiwa. Arudi apimwe damu mara kwa mara, maana mimba inavyokua, mahitaji ya mwili nayo hubadilika.

Jioni hiyo Nyamoita aliingia jikoni. "Mong'ina," alisema, "nilikuita mvivu mbele ya mume wako. Nimekosa. Nisamehe, mwanangu."

Mong'ina alianza kulia. Nyamoita naye akalia, kisha akalaumu moshi.

Asubuhi ya pili Mong'ina alimkuta mama mkwe ameshika chupa ya vidonge.

"Nipe kimoja," alisema Nyamoita. "Hata mimi niko na shingo."

"Mama, daktari alisema dawa ni ya mwenye kipimo. Wewe tezi yako inafanya kazi. Ukimeza hii, moyo unaweza kukimbia."

Nyamoita alirudisha chupa. Mke wa mwanawe kumkataza kitu lilikuwa jambo jipya kwake, na alishangaa kuona halikumuudhi sana.

Gunia lilihamia zizini. Nyamoita akanunua chumvi ya pakiti. Lakini mazoea yana taabu. Aliimimina kwenye bakuli, akaiweka wazi kwenye uchanja juu ya moto, pale anapokausha nyama, ili isipate unyevu. Baada ya majuma matatu Metrine alikuja na kichupa chake. Tone lilitoa rangi hafifu mno.

"Umenunua dawa ukaipa moshi," alisema Metrine. "Ayodini inapotea kwa joto na hewa. Weka kwenye mkebe wenye kifuniko, mbali na jiko na jua. Usiioshe. Itie mwishoni, chakula kikiwa karibu kuiva."

"Na nikiongeza mkono, si atapona haraka?"

"Hapana. Chumvi nyingi inaharibu mishipa na moyo. Ile kiasi ya kawaida inatosha. Mpe pia mayai, maziwa na samaki. Na kama ni ugali wa muhogo, muhogo uloweke na uukaushe vizuri kwanza. Sumu ya muhogo mbichi inaizuia tezi isitumie ayodini."

Mkebe ulipatikana. Nyamoita aliuweka chumbani mwake, akauleta jikoni mwenyewe kila jioni, chungu kikikaribia kuepuliwa. Majirani walimcheka kwamba anabeba chumvi kama anabeba mtoto. Aliwajibu wampelekee Metrine za kwao zipimwe. Wawili walipeleka. Zote mbili zilibaki kijivu.

Mwezi wa pili wa dawa, Mong'ina alivua sweta. Mwezi wa tatu alimtania Nchagwa mpaka akamwaga chai. Tumbo lilikua, na safari hii halikuondoka. Uvimbe wa shingo ulianza kupungua polepole. Ule wa Nyamoita ulibaki vile vile, maana ulikuwa umekaa miaka mingi, na daktari alikuwa amemwambia hivyo mapema.

Mtoto alizaliwa mwaka uliofuata, mwezi wa pili. Alikuwa msichana, mwenye sauti ya kuamsha boma zima. Metrine alimpima akasema ni mzima. Walimwita Emmah.

Emmah alipokuwa na mwaka mmoja na kidogo, wanawake walikuja kumtazama akijifunza kutembea. Alishika hori la ng'ombe, akaachia, akapiga hatua tatu hadi kwa nyanya yake.

"Ni wewe mtupu," alisema mmoja wao. "Macho yako. Pua yako. Hata huo ukali."

Nyamoita alimpakata. Akaweka vidole viwili mbele ya shingo yake mwenyewe, juu ya shanga. Kisha akaviweka kwenye shingo ya mtoto, taratibu, akangoja ameze.

"Na shingo?" aliuliza.

Wanawake walitazama. "Shingo hapana," walisema. "Hiyo si ya kwenu."

Nyamoita alicheka mpaka machozi yakamtoka, na siku hiyo hapakuwa na moshi wa kulaumu.