Pembe la Mwezi wa Mbegu

Zama zile misafara ya pwani ilikuwa inaishia tambarare, ikinunua meno ya tembo na majembe ya chuma kwa shanga na kaniki. Juu milimani, Ngasha, wanaume walikuwa bado wanavaa ngozi ya mbuzi na kupigana kwa mikuki. Ngasha ilikaa juu, imezungushiwa boma la magogo. Mlembea ilikaa chini ya mteremko. Walikuwa watu wamoja, wakioana na kuzikana, na kila baada ya miaka michache wakiuana.

Mwaka huo waliuana kwa ajili ya maji. Makange, mfumwa wa Ngasha, yaani mtawala wake, aliziba mfereji ulioshuka Mlembea ili awabane watoe ng'ombe. Hawakutoa. Walipanda na ngao zao za ngozi ya nyati, wakaliteka bwawa lenyewe lililokuwa nje ya boma, wakapiga kambi hapo. Sasa mwenye kiu akawa Makange na watu wake.

Ndani ya boma alikuwemo Mrindoko, mtazama mwezi. Kazi yake ilikuwa kupanda mwambani jua linapozama, kuutafuta mwezi mwandamo, na akiuona apulize pembe la tandala. Miezi mingi watu walilisikia pembe na kuendelea kula. Mwezi wa Mbegu haukuwa hivyo. Huo ulitangulia mvua za vuli, na kila nyumba ililoweka mbegu na kuziweka gizani. Bibi yake, aliyemrithisha pembe, alimfundisha kwamba mbegu ikiwa gizani inasikia. Ikisikia kilio cha mtu anayechomwa mkuki, itaota na hofu, na atakayeila atakula hofu. Kwa hiyo mwezi huo kila mwanamume aliivika ncha ya mkuki wake magamba makavu ya mgomba, akakaza kamba kwa meno, na fundo halikufunguliwa mpaka mwezi ufe. Na aliyekuja mlangoni na kiu alipewa maji, hata kama ndiye aliyemuua baba yako.

"Mwezi wenyewe hautukatazi kitu," bibi alikuwa akimwambia. "Unatuletea habari tu. Anayetusikiliza ni mbegu."

Watu wa Mlembea waliongozwa na Kivia, mume wa Nanzia, dada yake Mrindoko. Kila asubuhi Kivia alisimama mahali ambapo mshale haufiki, akamwita shemeji yake.

"Mlamu, huku ng'ombe wanaogelea. Huna nguo ya kufuliwa?"

"Muogeshe mkeo," Mrindoko alimjibu. "Mimi nimekua naye, najua anavyoyakimbia maji."

Kambi nzima ya adui ilicheka. Ndani ya boma hakucheka mtu. Watoto walikuwa wanalamba umande kwenye majani ya migomba, na mama yake Mrindoko alikuwa amelala ukutani, ulimi umevimba, hasemi tena.

Makange alimwita. Mfumwa alikuwa amevaa bangili zake zote za shaba, kama mtu anayekwenda harusini.

"Mwezi wa Mbegu utaonekana lini?"

"Kesho, mfumwa. Mawingu yakikubali."

"Puliza leo."

Mrindoko alidhani hakusikia vizuri. "Leo haupo. Hakuna cha kuona."

"Mama yako ataiona kesho?"

Mrindoko aligeuza macho upande aliolala mama yake.

"Ukipuliza, watafunga mikuki na watatuachia njia ya bwawani. Watu watakunywa. Kesho mwezi utatokea wenyewe, na uongo wako utakuwa umekwisha. Utakuwa umemdhulumu nani?"

"Ni maji tu?"

"Unataka nini kingine? Maji tu."

Mrindoko alipanda mwambani. Magharibi kulikuwa na wingu zito, na nyuma ya wingu, yeye alijua, hakukuwa na kitu. Alimfikiria mama yake. Alijiambia kwamba jambo litakalokuwa kweli kesho haliwezi kuwa uongo mkubwa leo. Akapuliza.

Kelele za kambini zilikatika. Kivia alisogea mpaka karibu na magogo, ngao mkononi.

"Mlamu, sisi hatujauona. Wingu limeziba."

"Mwamba wangu uko juu kuliko bwawa lenu."

"Umeuona kwa macho yako?"

"Nimeuona."

Ikatosha. Katika milima ile watu walidanganyana juu ya ng'ombe, mipaka na wanawake. Juu ya Mwezi wa Mbegu hakuna aliyewahi kudanganya, kwa hiyo hakuna aliyejua namna ya kushuku. Kivia aliweka ngao chini. Mrindoko aliwaona watu wa Mlembea wakichuna magamba ya migomba, wakivika ncha, wakikaza kamba kwa meno huku wakitaniana. Mwingine alikuwa tayari anaulizia pombe ya Ngasha kama bado ni chachu vilevile.

Lango likafunguliwa, wanawake wakashuka na vibuyu. Kivia mwenyewe alileta kibuyu kwa ajili ya mama mkwe wake. Mkwe hatazamani na mkwe, basi alikiweka langoni na kugeuza mgongo.

"Mwambie mama nimegeuka," alisema. "Anywe polepole, yasimdhuru. Na Nanzia anasema mumuombee mimba hii iwe ya mvulana, amechoka kuitwa mama wa wasichana."

"Nitamwambia."

"Umekonda, mlamu. Kesho njoo ule kwangu."

Mama alikunywa. Alitamka jina la Kivia, neno lake la kwanza tangu ulimi uvimbe, akalala.

Kulipopambazuka Makange alitoka na watu wake. Walikuwa wamekunywa, wamekula, na mikuki yao ilikuwa uchi. Mrindoko aliamshwa na vilio. Alikimbilia mwambani, akaona yote. Watu wa Mlembea walitoka usingizini wakishika mikuki isiyoweza kuchoma, mingine wakiigeuza na kupigia mpini. Wachache walikimbilia mtoni. Kivia alipatikana kando ya bwawa amekufa, mkuki kifuani, meno yake yameuma fundo la kamba. Alikuwa amelifungua nusu.

Mrindoko alimkuta Makange ananawa mikono bwawani.

"Uliniambia maji tu."

"Si haya hapa?"

"Umeua watu ndani ya Mwezi wa Mbegu."

Makange alimtazama karibu kwa huruma. "Mwezi gani, Mrindoko? Umeonekana? Nani aliuona?" Akakung'uta maji vidoleni. "Ningengoja uonekane kweli, ningefungwa na mwiko kama wao. Jana haukuwepo. Wewe unajua kuliko sisi sote. Mimi sijavunja kitu."

Watu waliosimama hapo walicheka, na Mrindoko alisimama mdomo wazi kama mbuzi aliyesahau alichokuwa anatafuna.

Jioni ile mbingu zilifunguka. Mwezi ulitokea mwembamba na safi, kila mwenye macho angeuona. Mrindoko alipuliza pembe mpaka midomo ikapasuka. Chini bomani watu walikuwa wanachoma ng'ombe wa Mlembea. Mmoja aliinua uso.

"Huu sasa ni mwezi wa ngapi?"

Hakuna aliyevika mkuki. Ndani ya mwezi uleule walishuka Mlembea, wakakamata waliobaki, wakawapeleka tambarare kuwauza kwa wenye kaniki. Wafanyabiashara walishangaa kwa nini watu wa mlimani hawakuwahi kuja msimu huo miaka iliyopita. Wakaambiwa zamani palikuwa na sababu.

Mama yake Mrindoko alisikia habari za Kivia, akaacha kula. Walipomzika, Mrindoko aliliacha pembe juu ya mwamba, akateremka peke yake, bila mkuki.

Nanzia alikuwa amejificha kwenye kibanda cha walinda ndege, ukingoni mwa mashamba yaliyoungua, tumbo lake kubwa. Alimwona kaka yake anakuja. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu, akakiweka kizingitini, akageuza mgongo.

"Kunywa."

"Nanzia."

"Kunywa, una kiu. Ni Mwezi wa Mbegu. Sikusikia pembe lako, nimeuona mwenyewe." Sauti yake haikupanda. "Mwezi ukifa, nisikukute hapa. Mkuki wa mume wangu ninao ndani, na fundo lake nimelikaza upya."

Alikunywa. Mrindoko alilala nje ya kibanda usiku baada ya usiku, mchana akimtekea dada yake maji na kumchimbia mashimo ya mbegu kwa kijiti. Mwezi ulipobaki kipande chembamba upande wa mashariki, alfajiri, alimsikia dada yake ndani anakata kamba kwa meno. Aliinuka, akashika njia ya nyika, na hakuna mlima uliosema ulimwona tena.

Ngasha walimwimba Makange vizazi vingi, mfumwa aliyetwaa bwawa bila kupoteza mtu hata mmoja. Wimbo haukutaja mwezi ulikuwa gani.