Injini Kubwa ya Amon

Wana Goweko wenzangu, na ninyi mliohamia Itetemia na mjini mkadhani mambo ya huku hayawahusu tena, naomba mnisikilize. Jambo hili nimekaa nalo mwaka mzima. Najua wapo watakaosema Apolinaria anaanika ya jirani yake hadharani. Waseme. Amon mwenyewe amenipa ruhusa, na ya kwangu nitayaanika pia.

Nyumba ya Amon na mkewe Recheli inatazamana na yangu, katikati ni kinjia cha baiskeli tu. Asubuhi za kiangazi ungemkuta Recheli uani, kakaa kwenye kigoda, anachuja asali kwa kitambaa cheupe huku akiimba sauti ya pili ya kwaya yao ya Moravian. Mimi ni Mkatoliki, lakini nyimbo zao nimezijua zote kwa kuzisikia nikiwa jikoni kwangu. Amon angekuwa pembeni anachonga mzinga. Binti yao Yunge alikuwa ameolewa Itetemia, kwa hiyo walibaki wawili, na walipendana waziwazi hadi tukawacheka. Amon alikuwa anamchotea mkewe maji, mwanamume mzima, ndoo kichwani.

Alikuwa na sababu. Recheli alikuwa na pumu. Miaka ile walipolima tumbaku, moshi wa bani la kukaushia ulimkaba hadi tukamkatia tamaa mara mbili. Wakaacha tumbaku, wakaingia kwenye nyuki. Kifua kikatulia, ila masika kilirudia kubana, na ninyi nyote mnajua masika huku kwetu kukoje. Kati ya kitongoji chetu na kituo cha afya ipo mbuga, bonde tambarare linalojaa maji. Mvua ikikolea, ule udongo mweusi haupitishi gari, na baiskeli inabebwa begani badala ya kumbeba mtu.

Masika ya mwaka juzi Recheli alibanwa vibaya. Vijana wanane walimlaza kitandani wakamvusha mbuga wakipokezana, maji yakiwafika mapajani. Mwanangu Damas alikuwa mmoja wao. Tabibu wa kituo alisema wangechelewa kidogo tu wangefikisha maiti. Siku ile Amon aliapa mbele yetu kwamba mkewe hatabebwa tena kitandani, kwamba atanunua chombo cha kumvusha. Msimu wa asali uliofuata hakula wala hakuvaa. Kila debe la asali lilikuwa na jina la Recheli. Alitaka ile pikipiki ya tairi nne, ile wanayoendea watalii porini, maana alisikia kwamba matope si kitu kwayo.

Hadi hapo, ndugu zangu, hapakuwa na kosa lolote.

Habari zikasambaa. Pale stesheni yupo Selemani, Mzaramo muuza petroli ya chupa, ameoa huku na anakaa nasi miaka mingi. Mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipobeba mizigo kwenda pwani. Mtani anakutukana, unamrudishia, mnacheka, kila mtu anakwenda zake. Siku moja Amon alikwenda pale kuuliza habari za mafuta. Akasema anafikiria kununua tairi nne ndogo, cc mia mbili.

Selemani akapiga kelele watu wote wasikie. "Njooni mwone maajabu! Babu yake huyu alibeba pembe la ndovu begani kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Mjukuu anakwenda kununua kijipikipiki cha kubebea mchicha! Si bora umbebe mkeo mgongoni, Mnyamwezi wewe?"

Tulicheka. Nami nilikuwepo, nilicheka hadi nikapaliwa. Siku zote Amon alikuwa na jibu la Mzaramo, tena kali, lakini siku ile hakurudisha neno. Alipanda baiskeli, akaenda. Wiki nzima iliyofuata kila aliyepita kwake aliuliza, "Vipi, kile cha mchicha kimefika?" Hata vijana wa kwaya waliuliza. Tuliona ni mchezo mzuri tukaendelea nao.

Siku ya kwenda kununua nilifuatana na Amon na Recheli mjini Tabora, maana nami nilikuwa na nta ya kuuza. Muuzaji ni Mzee Moiz, mtu wa makamo mwenye kofia nyeupe iliyotariziwa, na sijawahi kuona mfanyabiashara asiye na haraka kama yule. Alitukaribisha viti, akatuuliza maswali kwanza.

"Mtabeba nini?"

"Asali na nta," akasema Amon.

"Na mgonjwa," akadakia Recheli.

"Njia yenu ikoje?"

"Kuna mbuga," akasema Recheli. "Udongo mweusi."

Mzee Moiz akasimama, akaweka mkono juu ya chombo chekundu. "Basi chukueni hii. Cc mia mbili. Mafuta inakunywa kidogo, ni nyepesi, na fundi wa pikipiki yeyote huko kwenu ataiweza."

Lakini Amon alikuwa anatazama nyuma yake. Palikuwa na nyingine nyeusi, pana, ina taa kama za lori. "Na ile?"

"Ile ni cc mia saba. Nguvu inazo, sitakudanganya. Ila ni nzito sana, baba. Barabara ya mchanga, mlima, utaifurahia. Kwenye matope mazito ukiivutia mafuta inajichimbia chini."

Hapo Recheli akauliza, tena kwa sauti ya upole, "Mzee, ikizama, itainuliwa na watu wangapi?"

"Hii nyekundu, watu watatu, wanne. Ile kubwa, mama yangu," Mzee Moiz akacheka kidogo, "itabidi uite kijiji kizima."

"Baba Yunge, umesikia?" akasema Recheli. "Tuchukue ndogo. Mimi ndiye nitakayepanda."

Amon hakumtazama. "Mama Yunge, haya ni mambo ya injini. Mwanamke utajua wapi nguvu ya injini? Sitaki kurudi Goweko na kitu cha kuchekwa."

Recheli akajifunga khanga yake vizuri. Nilikuwa nimekaa karibu naye, mimi ninayesema kila mahali na kila wakati. Siku ile sikusema. Nilijiambia ni mambo ya mke na mume.

Fedha ya ile kubwa haikutosha. Amon akarudi nyumbani, akauza maksai wake wawili wa kukokota mkokoteni, akaenda tena kuichukua. Alipoingia nayo kijijini, ikinguruma, watoto wakimkimbilia nyuma, tulitoka wote. Selemani alivua kofia akainama hadi chini: "Shikamoo Mnyamwezi!" Amon akajibu, "Marahaba, mtumwa wangu," na kwa mara ya kwanza tangu ule mchicha nilimwona anacheka. Nilipiga vigelegele, na sauti yangu mnaijua.

Miezi ile ya kiangazi alikuwa bwana harusi wa kijiji. Alibeba maharusi, alibeba mchungaji, alikwenda mnadani na kurudi. Recheli alipanda mara chache. Aliniambia, "Mama Damas, inanitikisa, lakini anafurahi. Mwache afurahi." Mvua zilipoanza, Amon alivuka mbuga mara mbili ikiwa bado haijalainika, akarudi akijisifu. Hakuna aliyemwambia kuwa Novemba siyo Machi.

Ikaja Machi. Ilikuwa Jumatano, baada ya chai ya asubuhi. Nilisikia Amon ananiita kwa sauti ambayo sikuitambua. Nilimkuta Recheli ameketi mlangoni, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, kile kichupa chake cha dawa ya kuvuta kiko chini kimekwisha. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mwanangu Damas akafika mbio.

"Baba Yunge, nikawaite wenzangu?" akauliza. "Wako mabanini, siyo mbali. Tutoe kitanda."

"Kitanda cha nini, na mashine ipo?" Amon akasema. Tayari alikuwa ameiwasha.

Sitamlaumu kwa kusema vile, maana aliamini. Kwa ajili ya siku hiyo aliuza maksai. Recheli hakuweza kujishikilia, nikapanda nyuma yake nikamkumbatia, na tukaondoka. Damas alitufuata kwa miguu. Nilisikia kifua cha Recheli kinapiga filimbi ndani ya mikono yangu, nikawa namwambia, "Polepole mama, polepole, tunafika."

Katikati ya mbuga magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka bila kwenda. Amon akavuta mafuta. Ile mashine ikanguruma kwa nguvu zake zote, nguvu zilezile tulizozishangilia, na tope likaruka likatufunika. Akavuta tena. Ikashuka. Tulishuka nasi, nikamketisha Recheli juu ya kichuguu, Amon na Damas, aliyekuwa ametufikia, wakaingia kwenye maji kuinyanyua. Niliwasaidia. Watu watatu, ndugu zangu. Ni idadi ileile aliyoitaja Mzee Moiz kwa ile nyekundu. Hii nyeusi hata haikutikisika.

"Damas, maksai!" Amon akapiga kelele. "Kalete maksai!" Halafu akakumbuka, nikaona uso wake.

Damas akatimua mbio kwenda mabanini kuita watu wa kitanda. Amon akamwinua mkewe, akambeba mgongoni, akaanza kwenda. Tope lilimfika magotini. Hatua kumi, anaanguka. Anasimama, anakwenda, anaanguka. Mimi nikawa nyuma nimemshika Recheli kiuno asiteleze. Alijaribu kusema neno, sikulisikia, pumzi haikutosha. Mbele kidogo nikahisi mikono yake imelegea shingoni kwa mumewe. Nilijua. Sikumwambia Amon, nikamwacha aende naye. Alikwenda hadi nchi kavu ndipo akamlaza, akamsemesha, akamfuta tope usoni kwa kiganja chenye tope. Vijana wa kitanda walipofika, mimi na yeye tulikuwa tumekaa chini, na Recheli kati yetu. Wangeitwa tulipoanza safari, wangekuwa wamekwishavuka.

Kwenye mazishi, watani wana kazi yao, mnaijua. Mtani huja kufanya fujo, hunyang'anya majembe ya wachimba kaburi hadi alipwe kitu, huiga marehemu alivyotembea, ili wafiwa wapate hata kicheko kimoja. Selemani alikuja. Akalishika jembe kama desturi. Watu wakasubiri aanze. Akaliweka jembe chini, akaketi kwenye udongo mpya, akalia kama mtoto.

"Amon," akasema, "ni mimi. Ni ule mchicha wangu."

Amon akamwinamia. Akasema, "Wewe ulinitania, Selemani. Ni haki yako. Aliyekwenda dukani ni mimi. Mke wangu aliniambia, nikamwambia mwanamke hajui injini." Yunge, binti yao, alisikia maneno hayo. Alimtazama baba yake, akageuza uso, na hadi leo anapokuja kulisafisha kaburi la mama yake hafiki nyumbani. Amon humwona akipita.

Ile mashine ilivutwa na ng'ombe wa watu. Ipo, inafanya kazi vizuri, haina kasoro hata moja. Amon hajaipanda tena.

FUNZO

Wenzangu, injini ndogo si aibu, na injini kubwa si dhambi. Chombo kinanunuliwa kwa kutazama njia kitakayopita, mzigo kitakaobeba, na mikono itakayokiinua siku kikianguka. Macho ya majirani hayamo katika hesabu hiyo. Vicheko na vigelegele vyao havinyanyui kitu kwenye matope.

Wanaume, muuzaji akikupa ushauri unaompunguzia yeye faida, mwamini. Na mkeo akiuliza swali kuhusu kitu kitakachobeba uhai wake, hilo si jambo la injini, ni jambo lake. Mjibu mbele ya watu, hata kama watu watacheka.

Utani ni mali yetu na sitaki ufe. Lakini mtani asiporudisha neno, jueni limemwingia, mfuateni nyumbani mkamwambie ilikuwa mchezo. Sisi tuliona Amon amenyamaza, tukaongeza.

Nami niliyekaa dukani kimya nikaja kupiga vigelegele njiani, sina wa kumtupia. Nilijiambia ni mambo ya mke na mume. Nimemfikisha Recheli nchi kavu nikiwa nimemshika kiuno, na kila siku ninatamani ningemshika mkono siku ile dukani na kumwambia Amon, "Shemeji, msikilize." Maneno mawili tu. Ninyi ambao bado mna nafasi ya kuyasema, yasemeni.