Udongo Mwekundu wa Eleuthera

Kila alfajiri, Ketura na mama yake, Bi Drusila, walikula uji wa mahindi kwa samaki, wakafunga mikono kwa vitambaa vizito, wakaenda shambani. Majani ya mananasi yana miiba, hayamhurumii mtu. Shamba lenyewe lilikuwa mashimo ya udongo mwekundu yaliyotawanyika katikati ya miamba. Udongo ule ndio uliolipatia nanasi la kisiwa hicho cha Eleuthera utamu wake.

Mnunuzi alikuwa mmoja tu, Bwana Tarbox. Tangu enzi za babu yake, ukoo wao ndio uliomiliki gati, ghala na merikebu za kuvusha mananasi hadi Marekani. Wanakijiji walimvulia kofia hata akiwa upande wa pili wa barabara.

Mwaka ule mvua ilikuwa haba, mananasi yakatoka madogo na machache. Merikebu ikawa nyepesi, nayo merikebu nyepesi hupinduka kwa mawimbi. Ilihitaji uzito. Bwana Tarbox akatangaza kwamba mtoto atakayeleta kikapu cha udongo mwekundu atapewa kikombe cha sukari. Hakuficha kuwa udongo ule ungeshushwa Florida, ambako ndugu yake alikuwa ameanza kupanda mananasi kwenye mchanga.

Watoto walitimua mbio. Ketura naye akakimbilia shambani kwao, akachimba kwa pupa. Kikapu kilipokaribia kujaa, jembe liligonga jiwe. Akatazama ndani ya shimo: mwamba mtupu, mweupe kama mfupa. Akaurudisha udongo wote kwa mikono yake, kisha akashuka gatini na kikapu kitupu.

"Umechelewa, sukari inakwisha," binamu yake Ezroni alimcheka. "Au jembe limekushinda?"

Ketura alimpita. Alipanda juu ya lundo la udongo lililokuwa likisubiri kupakiwa, akaketi.

Bwana Tarbox akaja taratibu. "Shuka, binti. Udongo ni udongo tu."

"Kama udongo ni udongo tu, chukua mchanga wa ufukweni. Umejaa tele."

Wapagazi waliinama kuficha vicheko. Uso wa Bwana Tarbox ukaiva. Akaagiza mama yake Ketura aitwe, na Bi Drusila alipofika akamwambia kuwa asipomshusha mwanawe, nanasi lake halitapanda merikebu tena.

Watu wakangoja Ketura azabwe kofi. Bi Drusila alimtazama mwanawe, akamuuliza sababu, naye akaeleza yote, hata kikapu chake mwenyewe. Mama akavua viatu, akapanda lundoni, akaketi kando yake.

"Usininunulie, Bwana," alisema. "Lakini ukiubeba udongo huu, mwakani utanunua nini kwa yeyote? Utapakia mawe?"

Mama yake Ezroni akaja, akajaza kikapu udongo na kumtwika mwanawe. "Rudisha ulikoutoa," akamwambia. Wanawake wengine wakafuata. Bwana Tarbox alifoka, akataja jina la babu yake, lakini hakuna aliyesimama kumsikiliza. Jioni wapagazi walipakia mawe ya ufukweni, merikebu ikaondoka.

Msimu uliofuata Bwana Tarbox alikaza shingo kwa muda. Alitaka kununua kwa kila mtu isipokuwa Bi Drusila, na majirani wakakataa kumuuzia hata tunda moja mpaka aanze na lake. Wanunuzi wa ng'ambo hawakutaka nanasi jingine ila la Eleuthera. Mwishowe alianza na la Bi Drusila.

Siku hiyo, wakirudi nyumbani, Ketura alimuuliza mama yake kama hakuogopa.

"Niliogopa sana," mama akajibu. "Lakini sikia, mwanangu. Mnunuzi tunamhitaji, naye anatuhitaji, kwa hiyo hakuna wa kumpigia magoti mwenziwe. Tunda uza, maana litazaliwa jingine. Kinachozaa usikiuze, hata ukipewa sukari ya dunia nzima. Na atakayekutisha kwa hilo, mwambie hapana, tena ukiwa umekaa."