Nilimwibia Mjukuu Wangu Kondo, Nikapoteza Mguu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, mkulima wa Mashewa. Nayaandika haya nikiwa na hasira, na sitaki kuambiwa nitulie.

Nina kisukari. Miaka mitatu iliyopita kandambili ilinichubua chini ya kidole gumba cha mguu, nikadharau... Kikawa kidonda sugu. Kila wiki nilikwenda hospitali Korogwe kusafishwa. Muuguzi alikipima kwa rula ya karatasi na kuandika kwenye kadi yangu. Baada ya miezi tisa kilikuwa kimepungua nusu. Nusu nzima! Lakini nilishachoka. Nilichoka harufu, nilichoka bandeji, nilichoka kukatazwa kukanyaga shamba.

Hapo akaja mdogo wangu wa tumbo moja, Athumani, anayekaa Handeni. Aliwahi kuuza dawa dukani, basi akavaa koti jeupe na watu wakamwita daktari. Alinionyesha video kwenye simu: ng'ambo wanaponya vidonda kwa seli shina, yaani chembe changa za mwili zinazoweza kugeuka nyama mpya. Akasema zimejaa kwenye kondo la nyuma, na kondo la damu yangu ndilo lingenifaa zaidi. Binti yangu Zuhura alikuwa na mimba ya miezi minane. Mnaona alivyonipigia hesabu? Akasema pia nisimwambie.

Kwetu kondo huzikwa nyumbani, na bibi wa mtoto ndiye mwenye kazi hiyo. Zuhura alipojifungua salama, mtoto wa kike, mimi ndiye niliyeliomba pale wodini. Nikapewa kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Zuhura akanishukuru. Nami nikapanda basi la Handeni, ndoo mapajani!

Athumani alilisaga kwa mashine ya juisi, akachuja, akanichoma sindano kuzunguka kidonda. Yaliyobaki akayapaka. Jikoni kwake! Akanikataza kufungua bandeji kwa siku saba, na hospitali nisisogee, eti dawa zao zingeziua seli.

Siku ya tatu nilitetemeka kwa homa. Mguu ukavimba, ukanuka. Nikampigia.

"Vumilia dada, hizo ni seli zinafanya kazi," akanijibu.

Nikavumilia... Siku ya sita vidole vilikuwa vyeusi. Nilipopiga tena, simu haikupatikana.

Zuhura, na uzazi wake wa wiki moja, ndiye aliyenipeleka Korogwe. Daktari akauliza nimepaka nini. Akasema asipojua hataweza kuniokoa. Nikasema yote, binti yangu amesimama palepale.

Hakulia. Aliuliza tu, "Mama, ina maana hukumzikia mwanangu?"

Mpaka leo swali hilo linanifuata.

Walinikata chini ya goti. Baadaye daktari alinieleza kuwa seli shina si uongo. Wataalamu wanazifanyia majaribio kwenye vidonda kama changu, ila huandaliwa kwenye maabara maalumu, zikapimwa maradhi, na mgonjwa akafuatiliwa. Hata hivyo kidonda lazima kisafishwe na sukari ishushwe. Kumbe mdogo wangu alichukua jambo la kweli akalitia uchafu! Kisha daktari akaongeza kwamba kidonda changu kilikuwa kinapona. Maneno hayo yaliniuma kuliko kukatwa.

Ndugu wanataka tuyamalize kifamilia. Eti damu nzito kuliko maji. Tuyamalize vipi, na Athumani bado anachoma watu sindano? Nimemshtaki polisi na kesi siifuti. Anayeniona mkorofi aje anipe mguu wake.

Ila lililo langu siwezi kumbebesha. Mimi alinidanganya yeye, lakini Zuhura nilimdanganya mwenyewe, kwa kinywa hiki. Nimetuma wazee wakaniombee radhi mara mbili. Wamerudi mikono mitupu.

Nawasihi, mwenye kidonda akubali kusafishwa, hata kikichelewa. Akija mtu na tiba ya ajabu, muulize anaitengenezea wapi na nani kamruhusu. Akiwa ndugu yako, muulize vilevile. Akikwambia uwafiche wanao, mfukuze!

Mjukuu wangu sasa anatembea. Nimeambiwa tu... sijamwona.