Lori Lililofichwa Vipande Vipande

Katika ua mmoja wa nyumba nyingi mjini Beni, asubuhi haikuanza na jogoo; ilianza na midomo. Kabla moto haujashika kuni, jirani Mama Nadège alikuwa ameshauliza nani amefika kutoka Mbau, nani ameporwa mbuzi, na askari wa upande gani wanashika barabara leo. Rachida, msichana wa miaka kumi na miwili, alifagia huku masikio yake yakiwa wazi.

Jambo moja tu halikutajwa kwa sauti: lori la baba yake, Issaka. Kabla ya vita, Issaka alilirekebisha kwa mikono yake mwenyewe mpaka likapanda milima kama mbuzi. Aliliongezea springi za lori bovu ili liinuke juu ya matope, akapandisha bomba la moshi pembeni mwa kibanda cha dereva ili livuke mito bila kumeza maji. Vita vilipoingia, askari wakawa wananyakua kila gari linalotembea. Issaka akafanya kama wenye magari wengine: akalifungua vipande vipande. Magurudumu yakafichwa kwa jirani huyu chini ya magunia ya maharagwe, betri kwa yule, pampu ya mafuta ndani ya makaa. Kilichobaki uani kilikuwa mzoga, na hakuna askari anayeiba mzoga.

Rachida alikabidhiwa dirite, bomba nene la mpira linalopitisha maji kati ya rejeta na injini. Baba alimwambia, "Uweke mahali unajua weye tu."

Siku moja, mama yake Rachida, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, aliacha kulia. Kimya hicho ndicho kilichowatisha watu. Mkunga Kahongya alitoka chumbani akipangusa mikono.

"Papa Rachida, mutoto amelala kombo. Hospitali ya hapa bameiba dawa yote, hata makasi. Umupeleke Butembo leo. Kesho, mi siko nakuahidi kitu."

"Na barrière ya askari kwenye barabara?"

"Banafunga jua ikizama. Donc, harakisha!"

Ua mzima ukainuka. Magurudumu yakabiringishwa, betri ikabebwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Issaka alilala chini ya lori akikaza nati, jasho likimwingia machoni.

"Rachida! Leta dirite!"

Rachida aliganda. Dirite haikuwapo tena. Alikuwa ameikata vipande vyembamba, vikawa bangili nyeusi, akawagawia marafiki zake wote. Bangili za mpira zilikuwa mtindo wa wasichana, kwa hiyo hakuna mkubwa aliyeuliza. Moja ilikuwa mkononi mwake hata sasa.

Ulimi ukaitangulia akili. "Papa, ni Mama Nadège aliichukua. Alisema kwake kuko usalama."

Issaka alichomoka chini ya lori.

"Mi?" Mama Nadège alishika kiuno. "Hata umbo yake mi siijue!"

"Mutoto anasema ulichukua."

"Mutoto anasema! Mimi nililala juu ya betri yako, askari banapekua mpaka chini ya mito, leo niko mwizi?"

Nyumba yake ikapinduliwa. Godoro likatupwa nje, sufuria zikamwagwa. Majirani, ambao midomo yao haikujua likizo, wakaanza.

"Si juzi alitoka na mufuko muzito?"

"Ameuza, huyo! Mi nilimuona."

Hakuna aliyekuwa ameona kitu. Jua lilikuwa likiteremka. Mama Nadège aliketi chini katikati ya vyombo vyake, akalia bila sauti. Binti yake Nadège alisimama mlangoni, mkono wenye bangili ameuficha mgongoni, akimtazama Rachida tu.

Rachida alikimbilia chumbani. Midomo ya mama yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Lori... imewaka?" mama alinong'ona.

Swali hilo lilimchoma kuliko fimbo. Rachida alitoka, akaivuta bangili mkononi, akaiweka katika kiganja cha baba yake.

"Papa, dirite ni hii. Niliikata yote. Mama Nadège hakuchukua kitu. Nilidanganya."

Issaka aliinua mkono, na kila mtu akangoja kofi. Lakini mkono ulibaki juu, kisha ukashuka polepole. Aliitazama bangili.

"Upana wake ni huu," alisema. "Basi haiko. Tuache kuitafuta. Tutengeneze ingine."

Alikata mwanzi kutoka kwenye uzio akiupima kwa ile bangili, akatoboa vifundo vyake kwa chuma cha moto. Ulienea vizuri kati ya rejeta na injini, ila kwenye maungio maji yangevuja. "Sasa raba ya kufungia. Raba ndefu."

Raba ndefu ilikuwa mahali pamoja tu: ndani ya magurudumu ya baiskeli ya Mama Nadège, iliyomletea maharagwe kutoka Mbau na kumlishia watoto. Watu walitazama chini. Mama Nadège alifuta machozi, akapindua baiskeli, akachomoa mipira yote miwili.

"Musiniangalie hivi," alisema. "Mukate!"

Rachida alishika, baba akafunga raba juu ya raba, waya juu ya raba. Maji yalivuja, akafunga tena. Hatimaye injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma. Wakampakia mama juu ya godoro, na Mama Nadège akapanda kumshikilia kichwa.

Katika kila mlima Issaka alisimama, na Rachida akamwaga maji kwenye rejeta huku mwanzi ukitoa mvuke. Walipofika kwenye kizuizi, askari walikuwa tayari wanavuta kamba. Mmoja alichungulia nyuma, akamwona mama, akageuza uso wake pembeni.

"Leka!" aliwaambia wenzake, waiachie kamba. "Leka mbio!"

Huko Butembo daktari alimpasua mama bila kupoteza wakati. Waliketi barazani mpaka kilio chembamba kikasikika ndani. Muuguzi akatoa kichwa: mtoto ni mzima, mama amedhoofika, lakini ataishi.

Rachida alipiga magoti. "Mama Nadège, unisamehe."

"Kukata dirite ni utoto," Mama Nadège alisema. "Kitu kikiharibika, mutu anaweza kukitengeneza, umeona. Mais ukikifunika na uongo, hata fundi mukubwa atafanya nini? Muchana wote tulitafuta mupira haiko duniani, na mama yako anakufa. Ukikosa, sema mbio, hata kama kofi inakungojea."

"Ndiyo, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini unajua vile habari inatembea kwetu. Ile ya uongo imeshafika Mbau, haikungoja baiskeli. Tukirudi, ya kweli utaitembeza weye, nyumba kwa nyumba, na miguu yako."

Na Rachida akaitembeza, mpaka nyumba ya mwisho.