Dume la Fainali

Ilikuwa siku ya soko Sumbawanga, na baridi ile ya Juni inayofanya watu wavae koti juu ya koti. Baltazari, fundi baiskeli wa Izia, alikuwa akisukuma baiskeli yake kati ya mafungu ya maharage, jogoo akining'inia miguu juu kwenye usukani.

"Kaka, ungefungwa wewe hivyo ungependa?"

Aligeuka. Binti mwenye sweta la kijani na kitenge cha maua ya njano, ananukia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Huyo ndiye Luciana, muuzaji wa duka la dawa za mifugo, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma.

"Nimbebe mgongoni, dada?"

"Mbebe tu. Mgongo si unao?"

Baltazari akamfungua jogoo, akamtia ndani ya koti, kichwa kikachungulia kifuani. Luciana alicheka mpaka akashika meza ya nyanya. Neno "kaka" likafa wiki hiyo hiyo, simu zikaanza.

"Umekula, Balta wangu?"

"Nimekula. Jogoo anakusalimia."

"Muongo. Ulishamchinja."

"Nilimwomba radhi kwanza, mpenzi."

Baba wa Luciana, Mzee Loth, hakuwa na neno na Baltazari kuwa Mfipa. Alichotaka ni ng'ombe wa mahari.

"Lete dume mmoja kwanza, nione kama una nia," alimwambia Baltazari. "Wengine watafuata. Lakini mwisho ni mavuno. Edwin wa Muze ameshabisha hodi hapa, na zizi lake limejaa."

Zawadi ya kombe la kata ilikuwa dume la ng'ombe, na nahodha wa timu ya mpira ya Izia alikuwa Baltazari.

"Jumapili ya fainali nitamleta, mzee. Ila Luciana asijue. Nataka nimshtukize."

Jamani, wanaume na kushtukiza kwao.

Maana Luciana naye alikuwa na lake. Mwaka uliopita mbuzi wa ushindi alivutwa huku na huku na mashabiki, akafia uwanjani watu wakiimba. Tangu hapo alizunguka na karatasi ya sahihi: wanyama hai wasitolewe zawadi michezoni. Wengine walimcheka usoni. Sahihi ya kwanza kabisa ilikuwa ya Baltazari, aliyeitia kumfurahisha tu, akiamini kamati ya kombe haitakubali.

Jumamosi kamati ikakubali. Luciana akainyamazia habari hiyo, amshtukize mpenzi wake.

Izia walishinda mbili kwa moja. Kipaza sauti kikatangaza: bingwa, seti ya jezi na mipira miwili. Luciana alikuja mbio, machozi ya furaha mashavuni.

"Wametusikiliza, Balta! Mbona umenuna?"

Baltazari akamweleza habari ya dume na mahari. Luciana akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe?"

"Nikawaombe wamrudishe?"

"Umezunguka mwaka mzima, Luciana. Ukawaombe nini?"

Kwa Mzee Loth Baltazari alienda na jezi begani, akajieleza mpaka sauti ikakauka. Mzee alimsikiliza, akamkaribisha uji, akamwambia mavuno yamekwisha.

"Twende Matai kwa dada yangu," Baltazari alisema kwenye simu. "Kesho asubuhi."

"Mama atafukuzwa, mpenzi. Unamjua baba."

"Basi nifanye nini?"

Simu ikakatika. Baltazari akabaki nayo sikioni, na kwa kweli hakuwa na la kufanya.

Wiki tatu baadaye, pikipiki ilisimama mbele ya kibanda chake kujaza upepo. Aliyeendesha ni Edwin, mtu mpole, hakujua lolote. Nyuma yake alikaa Luciana, kitenge kipya, macho yamevimba. Kuku wa kumuagia bibi harusi alikuwa amefungwa kwenye usukani, miguu juu, na safari hii Luciana hakumtetea.

Baltazari alijaza upepo magurudumu yote mawili. Kisha akamfungua yule kuku, akamweka mikononi mwa Luciana.

"Asante, kaka," alisema Luciana.

Wakaondoka kuelekea Muze.